Sifa Kabla ya Buru: Fanani na Hadhira katika Kumuaga Mkongwe wa Vita

Uhakiki wa tanzia za Waluo aghalabu huanzia kwenye tero buru: wanaume wenye mikuki na ngao, wakiswaga ng'ombe, hutoka kwenda kukifukuza kifo kilichomchukua mzee. Mtazamo huo una kasoro moja ya msingi: anayetukuzwa hasikii.

Mkongwe wa King's African Rifles aliyepigana Burma mwaka 1944 anapokuwa mahututi nyumbani Kondele, na askari wenzake wakaja kumheshimu, utendaji huo haufai kusomwa kama mbolezi. Yafaa usomwe kama pakruok. Katika fani hiyo, msikilizaji humkatiza mpigaji nyatiti ili ajisifu au amsifu mwenzake. Hivyo hadhira hugeuka kuwa fanani. Msifiwa yu hai. Anaweza kuithibitisha sifa au kuikana, hata kwa kutikisa kichwa tu, nao waliokuwa naye vitani ndio wawezao kumwelewa.

Uwezo huo haumo katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Shaaban Robert, ambaye hakuwa askari, aliisimulia vita kwa upana wake. Askari mmoja mmoja hana nafasi ya kumsahihisha msimulizi.

Waliopigana mwaka 1944, iwapo wangali hai, wanaikaribia au wameipita miaka 100. Atakapoondoka wa mwisho, buru itaendelea kuchezwa, bali sifa za Burma zitakosa wa kuzijibu. Mtafiti wa fasihi simulizi anayengoja matanga atakuwa amechelewa.