Wachagga na Wapare katika Mizani ya Waandishi

Aliye Ugweno, siku ya kutakata, huiona theluji ya Kibo bila ya kunyanyua sana kichwa. Kilimanjaro chapanda hadi mita 5,895. Kilele cha Shengena katika Upare ya Kusini hakifiki nusu ya kimo hicho. Yaelekea tofauti hii ya milima ndiyo iliyowafundisha watu kupima wakaao juu yake kwa kipimo hicho hicho, kana kwamba mwenye mlima mrefu hapana budi awe pia na akili ndefu. Mizaha ya Moshi mjini yajulikana na kila mtu. Mchagga, husemwa, hata akizimia huamka asikiapo sarafu ikianguka. Na Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kumshitaki jirani kwa ajili ya mbuzi. Mzaha ni mzaha, na watani wana haki yao. Lakini mzaha ukiingia kitabuni na kuvaa joho la elimu huacha kuchekesha. Hugeuka hukumu, na hukumu ya namna hiyo imekwisha kutumika katika kugawa shule, kuchagua makarani na hata kukataza ndoa. Basi yafaa kuuliza waandishi walioandika habari za watu hawa wawili walipima nini, na kwa mizani gani.

Wa kwanza kutajwa ni Charles Dundas, aliyetoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Dundas alikuwa mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ndiye aliyewahimiza sana wenyeji kupanda kahawa. Jambo hili msomaji asilisahau afunuapo kurasa zake. Mwandishi asifuye bidii ya mkulima, hali yeye mwenyewe ndiye aliyemtia moyo mkulima huyo dhidi ya walowezi, husifu pia kazi ya mikono yake. Sifa zake si za uongo. Ila ni sifa za mdhamini. Tena mtu asifiwaye hivyo hupewa pamoja na sifa jirani asiyetajwa, ambaye kimya chake husomwa kuwa uvivu.

Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Kilutheri aliyekaa sana Moshi ya Kale, alisimama upande wa pili. Kitabu chake cha sheria za Wachagga cha mwaka 1926, na majuzuu matatu ya mafunzo ya jando yaliyotoka baina ya 1932 na 1938, ni hazina ambayo hakuna mtafiti awezaye kuipita. Gutmann aliogopa kile ambacho Dundas alikipenda. Fedha, mshahara na shamba la mtu mmoja mmoja vilikuwa kwake maji yaingiayo chini ya nyumba: aliona ukoo, ujirani na rika, nguzo tatu alizozitegemea, zikilegea. Huyu hakumsifu Mchagga kwa kuwa mfanyabiashara. Alimlilia kwa sababu hiyo. Hata hivyo wote wawili waliafikiana katika jambo moja, nalo ni kuamini kwamba yupo mtu mmoja aitwaye Mchagga, mwenye tabia moja, awezaye kusifiwa au kuliliwa.

Mtu huyo mmoja alipata kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1947, pale Petro Itosi Marealle alipotoa *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*. Mhakiki asiharakie kupita jina hili. Si maisha ya Wachagga, bali ya Mchagga. Na hayakuandikwa kwa lugha ya Marangu, ambako mwandishi alikuwa mangi, wala ya Machame, bali kwa Kiswahili. Mtu wa Rombo na mtu wa Siha, wakisema kila mmoja kwa lugha ya kwao, huhangaika kuelewana. Ndani ya kitabu hiki walikuwa mtu mmoja. Hapana budi kukumbuka pia kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1946, serikali ya kikoloni ilikuwa imewaweka mamangi wengi wa mlimani chini ya waitori watatu, wa Hai, wa Vunjo na wa Rombo, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa mwitori wa Vunjo. Miaka michache baadaye, 1952, akatawazwa Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, na mlima ukawa na Siku ya Wachagga ya kusherehekewa. Kitabu basi kilikwenda sambamba na siasa. Kusema hivi si kukipunguzia heshima: ni miongoni mwa vitabu vichache vya zama zile ambavyo Mwafrika aliandika desturi za kwao kwa lugha ambayo Waafrika wenziwe waliweza kuisoma, na kwa nathari isiyoomba radhi kwa mgeni. Lakini aitwaye Mchagga katika jalada lake ni mtu aliyekuwa akizaliwa wakati ule ule, na asichukuliwe kuwa babu wa zamani za zamani.

Ushahidi wa jambo hili umo katika historia ya Kathleen Stahl iliyotolewa mwaka 1964. Stahl hakuandika habari za kabila. Aliandika habari za nchi moja moja ya mangi, kutoka Siha magharibi hadi Useri mashariki, akifuata masimulizi ya wazee. Wako watakaosema kitabu chake chachosha kwa wingi wa vita na majina. Chachosha kweli. Lakini kuchosha huko ndiko fundisho lake: Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi hawakujiona ndugu wa kabila moja walipokuwa wakinyang'anyana ng'ombe na kushindana kwa urafiki wa Waarabu na Wajerumani. Na pindi msomaji akishika ramani ya mvua kando ya kitabu hicho, ataona jambo ambalo Dundas alilifunika kwa sifa zake. Miteremko ya kusini hupata mvua nyingi na maji ya mifereji. Upande wa Rombo ni mkavu zaidi, na kahawa yake haikustawi kama ya Machame na Marangu. Umbali wa hali baina ya nyumba ya Machame na nyumba ya Rombo ungeweza kuzidi umbali wa Machame na Usangi. Mwenye kulinganisha Wachagga na Wapare kwa neno moja kila upande ameficha tofauti iliyo kubwa kuliko ile aliyoionyesha.

Wapare walimpata mwanahistoria wao katika Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1969, chaeleza historia ya utawala wa Wapare tangu takriban mwaka 1500 hadi 1900, nacho kimejengwa juu ya masimulizi yaliyokusanywa ukoo kwa ukoo. Hapo ndipo mizani yote hupinduka. Kwani Ugweno ulikuwa na dola iliyoungana, yenye mabaraza na jando la pamoja, karne kadhaa kabla ya mamangi wa Kilimanjaro kuota umoja. Washana waliyeyusha chuma na kukifua, na baada yao Wasuya wakauchukua utawala na kuutengeneza upya. Mpimaji ambaye angelipita njia hiyo mwaka 1700, naye akiwa na tabia ya kupanga watu kwa madaraja, pengine angeliandika kwamba watu wa Ugweno ni hodari wa kutawala na kuunda vitu, na kwamba wale wa mlima mkubwa, wagombanao bonde kwa bonde, bado hawajaamka. Kimambo aonyesha tena kwamba umoja huo haukuvunjwa na uvivu wa mtu: biashara ya misafara ya karne ya 19, iliyotaka pembe na watumwa, ndiyo iliyowapa wakubwa wadogo bunduki na sababu ya kumwasi mkubwa wao.

Hapa uhakiki hauna budi kumwuliza Kimambo naye swali. Katika kitabu hicho cha kwanza wakulima huonekana kwa mbali. Waonekanao karibu ni watawala na koo zao. Ndiva za Wapare, yaani mabwawa yakusanyayo maji ya usiku ili yatiririke mchana mashambani, ni ufundi usiopungua ule wa mifereji ya Kilimanjaro iliyosifiwa na kila msafiri. Zilistahili kuwekwa katikati ya kisa. Upungufu huo yeye mwenyewe aliuziba kwa kiasi kikubwa katika kitabu cha mwaka 1991 juu ya uchumi wa dunia na maandamano ya Wapare, na kabla ya hapo katika kijitabu cha 1971 juu ya mbiru.

Mbiru ndiyo iondoayo uzito wote katika ule mzaha wa Mpare na kesi. Kodi ya kichwa ilikuwapo; watawala wakaongeza juu yake kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, wakaipa jina la ushuru wa kale ili ikubalike. Mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka hadi Same, wakakaa huko miezi wakikataa kukadiriwa, na wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kudai waume zao warudishwe au shauri liamuliwe. Hatimaye serikali ikaiacha kodi hiyo. Watu waliofanya haya walijua tofauti ya kodi iliyowekwa wazi na kodi iliyoachiwa jicho la mkadiriaji. Tena walikuwa na subira ya kulifuata neno hadi mwisho wake. Likiitwa ugomvi wa kesi, jina hilo limetolewa na yule aliyeshindwa kesi.

Sasa ile sifa ya Mchagga na fedha. Kahawa ilifika Kilema kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Yaweza kupandwa chini ya migomba, ndani ya kihamba kile kile chenye nyumba na ng'ombe wa zizini ambaye samadi yake hurudi shambani; mkulima hakulazimika kuacha chakula ili apate fedha. Walowezi walipotaka kumnyima mwenyeji zao hilo, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao, na mwaka 1933 chama kikageuzwa kuwa KNCU. Chama hicho kilijenga, kilisomesha, tena kiligombana na wanachama wake wenyewe, kwani mwaka 1937 zilizuka ghasia za wakulima waliochukia kulazimishwa kuuza kahawa yote kwa mnunuzi mmoja. Haya ni matendo ya udongo, maji, bei na chama. Tabia ya kuzaliwa nayo haikuhitajiwa ili kuyaeleza.

Jambo lililo zito zaidi limo katika kitabu cha Sally Falk Moore cha mwaka 1986 juu ya sheria za mila za Kilimanjaro. Aeleza kwamba katika urithi wa kihamba mwana wa kwanza na kitinda mimba ndio waliopendelewa, naye wa katikati akatarajiwa kufungua ardhi mpya. Ardhi mpya ilipokwisha, nani alibaki bila kihamba? Wa katikati. Huyo ndiye aliyekwenda Arusha, Tanga na Dar es Salaam na sanduku la bidhaa; na huyo ndiye mjini hutazamwa akaambiwa kwamba biashara imo katika damu yake. Aliyesukumwa na uhaba akasifiwa kwa tamaa! Wala kahawa yenyewe haikudumu kuwa ngao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, KNCU ikafufuliwa mwaka 1984, na mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalipokoma, bei ikaanguka na wakulima wengi wakaitupa mkono mibuni yao. Wakati huo huo tangawizi ikaja kuwapa fedha wakulima wa Mamba Miamba, huko Same.

Upofu wa namna hii si wa Afrika peke yake. Katika Ulaya ya karne ya 19 walikuwapo walioeleza umaskini wa Mkelti wa Ireland na wa Mslavi wa Urusi kwa uzembe wa asili. Mmoja alikuwa mpangaji katika ardhi ya bwana wa mbali, na njaa iliyoanza mwaka 1845 ilimkuta huku chakula kikisafirishwa kutoka bandari za nchi yake. Mwingine alikuwa mtumwa wa shamba kisheria hadi mwaka 1861. Hali zao zilikaribiana kwa sababu ya hati za ardhi, si kwa sababu ya damu.

Kinachokosekana katika rafu hii ni kitabu kisichowapima watu wawili hawa bali kiwafuate pale wakutanapo. Kigweno ki karibu zaidi na lugha za Kilimanjaro kuliko na Chasu cha Wapare wenziwe wa kusini. Mpaka wa kabila na mpaka wa lugha haukupita mahali pamoja. Tena Kilimanjaro hakikuwa na chuma cha kutosha. Wahunzi wa mlimani walifua chuma kilichotoka Upare, wakatoa mikuki ambayo kwayo mamangi waliwashambulia majirani, wa Upare nao wakiwamo. Na chini ya mlima, katika masoko ambayo tangu zamani yalikuwa mikononi mwa wanawake, ndizi zilibadilishwa kwa magadi na kwa vyungu. Wanawake hao hawakuandikiwa kitabu na Dundas, wala na Stahl. Na katika kurasa za Gutmann waonekana zaidi kama mama na mabibi arusi kuliko kama wenye kujua bei ya kitu siku ya soko.