Sifa kwa Mpimaji wa DNA

Mwaka 1936, jijini Stockholm, Torbjörn Caspersson alionesha kwamba seli inaweza kupimwa moja moja, bila kusagwa pamoja na wenzake. DNA na RNA humeza miale ya urujuanimno, hasa ile ya nanomita 260. Akaipitisha miale hiyo kwenye hadubini na kupima kilichotoka upande wa pili. Kilichopungua kilimwambia mna nini ndani. Miaka mitatu baadaye, yeye na Jack Schultz waliona kuwa seli zinazokua zina RNA tele nje ya kiini.

Seli haigawanyiki kabla ya kunakili DNA yake yote. Kiini cha seli ya kawaida ya binadamu kina pikogramu kati ya 6 na 7 za DNA, na kikikaribia kugawanyika huwa na maradufu. Seli zilizo katikati ya vipimo hivyo viwili ndizo zinazonakili, na katika uvimbe wa saratani wingi wao hudokeza kasi ya kukua.

Siku hizi seli hutiwa rangi inayoshika DNA, zikapitishwa mbele ya leza kwa foleni, maelfu kwa dakika. Wengi huisifu mashine. Mimi namsifu fundi, kwa kuwa mashine huamini chochote inachopewa. Rangi inayotumika sana, propidiamu ayodaidi, hushika RNA pia. RNA ile ile iliyomvutia Caspersson hapa ni uchafu, nayo lazima imalizwe kwanza kwa kimeng'enya. Seli mbili zilizogandana husomeka kama moja iliyokwisha kunakili, na asiyezichuja atatangaza ukuaji usiokuwapo. Kisha kuna nyama ya miaka mingi iliyohifadhiwa kwenye nta, ambayo David Hedley na wenzake walionesha mwaka 1983 kuwa nayo hupimika. Ukiikata vipande vyembamba mno, kisu kinapasua viini vyenyewe, na nusu ya kiini haina hesabu ya maana. Hayo hujulikana kwa mkono uliozoea.

Mwaka 2007, chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliona ushahidi wa kipimo hiki hautoshi kuwapanga wagonjwa wa saratani ya matiti katika makundi ya ubashiri wa mwenendo wa ugonjwa. Uamuzi wa haki, kwa maoni yangu. Lakini mtafiti anayetaka kujua dawa mpya imezikwamisha seli kabla ya kunakili, katikati au baada, bado hana njia nyepesi kuliko hii.