Mguu Mfupi wa Buibui

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, miguu minne imechomoza upande mmoja, hakina makali, bawaba wala mpini. Kikionekana leo ndani ya kasha la zana kuukuu huko Oregon, mwenye kasha huanza kutafuta chapa ya kiwanda. Naona ni bora kuanza na chuma chenyewe. Kitu kisicho na pa kushikia kwa nguvu hakikuundwa kukata wala kupinda. Mwili wake umeachwa na ukwaruzo wa kalibu, ila ncha za miguu zimelainishwa. Basi ni ncha hizo zilizogusa kazi. Kiweke juu ya kioo: miguu mitatu inatua, wa nne unabaki juu kwa kama robo ya milimita. Hiki ni kipimo, na wakata miti wa Marekani walikiita buibui.

Kilipima meno ya msumeno wa watu wawili. Msumeno huo una meno ya kukata, yaliyopindwa moja kushoto moja kulia ili njia iwe pana kuliko bati na msumeno usibanwe na mti, na kati yake yapo meno ya kukwangua, mafupi kidogo, yanayotoa nje nyuzi zilizokwisha kukatwa. Mnoaji alianza kwa kusawazisha ncha zote kwa tupa, akapunguza meno ya kukwangua, akanoa, kisha akagonga kila jino la kukata kwa nyundo ndogo. Ndipo buibui alipoingia: miguu mirefu juu ya bati, mfupi juu ya ncha ya jino. Akiyumba, jino limezidi kupindwa. Mwanga ukipenya chini ya mguu mfupi, bado halijatosha. Jino moja lililozidi huchora mfereji wake ndani ya mti na kumchosha mvutaji siku nzima. Ninauenzi ufundi huu kwa sababu hiyo: nguvu za watu wawili zilitegemea subira ya mtu wa tatu.

Atauliza mtu: mguu mfupi si umelika tu? Swali la haki, na tupa hulijibu. Kulika kwa kusuguana huviringisha kingo. Tupa huacha uso bapa wenye mistari inayokwenda upande mmoja. Wengine watasema katalogi za zana zinatosha. Zinafaa, lakini humtaja muuzaji, wala hazielezi mnoaji alipunguza mguu kiasi gani kwa ajili ya miti yake. Mti laini wenye utomvu hudai meno yapindwe zaidi, mgumu mkavu hudai kidogo. Na anayeona haya yote yamepitwa na wakati akumbuke kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1964 inazuia misumeno ya injini katika maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa, na kwamba mwaka 1977 Idara ya Misitu ya huko ilichapisha mwongozo wa Warren Miller kuhusu kunoa misumeno ya mkono. Njia za maeneo hayo bado husafishwa kwa misumeno hiyo.

Kwa hiyo anayempata buibui mwenye kutu asimsugue kwa msasa. Mafuta na kitambaa vinatosha. Pengo la mguu mfupi lipimwe kwanza na kuandikwa, kwani sanduku lolote la zana lina chapa, lakini uamuzi wa mnoaji umebaki kwenye robo hiyo ya milimita peke yake.