Uchaji wa Ujana na Uchaji wa Mwisho wa Umri katika Utendi wa Mwana Kupona

1. Utangulizi

Katika masomo ya fasihi ya Kiswahili vyuoni mwetu, Utendi wa Mwana Kupona umepata bahati mbaya ya kujulikana kwa sehemu yake moja tu. Mwanafunzi akiulizwa unahusu nini, hujibu upesi kwamba ni mawaidha ya mama kwa bintiye juu ya namna ya kumtii mume. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Hata wahariri wamelitia nguvu: Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina linalotangaza wajibu wa mke. Tangu hapo mjadala umezunguka humo humo. Wako wanaouona utendi kuwa hati ya kumfunga mwanamke. Wako pia, kama Ann Biersteker katika uchunguzi wake wa mwaka 1991, wanaotaka tuyasome upya mawaidha hayo na kutafuta nguvu ya mwanamke ndani yake.

Makala haya hayakusudii kuamua kati ya pande hizo mbili. Yanakusudia kuuliza swali ambalo pande zote mbili zimeliacha nyuma: kwa nini utendi wa mawaidha, baada ya kumaliza kuusia, unageuka kuwa dua ndefu ya mtu mgonjwa? Sisi tunaona kwamba ndani ya utungo huu mmoja mna uchaji wa aina mbili, mmoja wa kijana na mwingine wa mtu anayekaribia kufa, na kwamba maana ya utendi imo katika tofauti ya aina hizo.

2. Mtunzi na hali ya utungo

Yafaa kwanza tukumbuke nani anasema na nani. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Mohamed Is-Haq, maarufu kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana na Sayyid Said wa Unguja. Alipotunga utendi huu, mnamo 1858, alikuwa mjane. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, naye mwenyewe anasema hivyo tangu beti za mwanzo. Karibu na mwisho anaongeza kwamba alitunga katika taabu na maumivu. Haukupita muda mrefu akafariki. Anayeambiwa ni bintiye, Mwana Hashima binti Sheikh, msichana aliyekuwa bado hajafikia utu uzima.

Hapa lazima tufafanue neno moja. Mwana Kupona hakuwa ajuza. Inakadiriwa kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1810, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Tukisema juu ya uchaji wa uzeeni katika utendi huu, hatuhesabu miaka. Maradhi yalimfikisha mapema mahali ambapo wengine hufika kwa uzee: mahali ambapo mtu hawezi tena kutenda mengi, na ambapo kesho haina hakika.

3. Uchaji unaopita kwa watu

Tuuangalie sasa uchaji anaofundishwa binti. Mama anamwita akae karibu na wino na karatasi, kisha anamwahidi hirizi ya kujifunga na kidani cha lulu na marijani. Mifano hii si mapambo ya maneno tu. Hirizi na kidani ni vitu vya kuvaliwa. Mtoto huvikwa kabla ya kuelewa kilichoandikwa ndani ya hirizi au thamani ya lulu. Ndivyo dini inavyomfikia kijana: inavaliwa kwanza, maana yake inafuata baadaye.

Mambo yanayoamriwa nayo ni ya namna hiyo hiyo. Ashike dini, asiache faradhi, na sunna azitende kadiri awezavyo. Awe na adabu na ulimi wa kweli. Ajitenge na wapumbavu na wasengenyaji. Nyumba iwe safi, na mwili unukie manukato. Mpaka hapa uchaji wote ni kazi: unaonekana, unapimika, na jirani anaweza kuushuhudia.

Zaidi ya hayo, unapita kwa watu. Mama anamfundisha bintiye kwamba binadamu anahitaji radhi tano ili apate raha ya dunia na ya akhera: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kati ya hizo tano, tatu ni za watu wanaoishi naye nyumbani. Halafu linafuata jambo ambalo limewaudhi wasomaji wengi wa siku hizi: siku ya kiyama ataulizwa mume, na neno lake ndilo litakaloamua kama mkewe anakwenda peponi au motoni. Njia ya kijana kwenda kwa Mungu ina mlango, na ufunguo umo mkononi mwa mtu mwingine.

4. Dua ya mgonjwa

Baada ya mawaidha, Mwana Kupona anasimulia kwa ufupi ndoa yake. Aliishi na mumewe bila ugomvi, na mumewe alikufa akiwa radhi naye. Kwa mujibu wa hesabu aliyomfundisha bintiye, mama huyu angeweza kunyamaza hapo. Radhi ya tano anayo, na aliyeitoa hawezi tena kuiondoa.

Lakini hanyamazi. Anamgeukia Mungu, na theluthi ya mwisho ya utendi, isipokuwa beti chache za kufungia, inakuwa dua. Anaomba aondolewe maradhi. Anawaombea wanawe na ndugu yake mdogo, na kuwaweka mikononi mwa Mungu kama amana. Anaomba msamaha na mwisho mwema. Majina ya watukufu wa dini yanatajwa kama wasila, kama ilivyo desturi ya dua, lakini mume hatajwi kama mlango. Mwanamke aliyemwambia bintiye kwamba akhera yake iko katika neno la mume, sasa anasimama mwenyewe mbele ya Mola wake na kusema haja zake moja moja.

Tofauti ya pili ni kwamba katika dua hii mama haleti hesabu. Ametoka sasa hivi kusimulia wema wake katika ndoa, lakini hadai malipo kwa ajili yake. Mkono wa kijana umejaa matendo. Wa mgonjwa uko wazi, unaomba. Na mambo anayoyaombea yamepanuka. Binti aliamriwa aitunze nafsi yake na nyumba yake, ilhali mama anayatoa mikononi mwake yale yote aliyoyatunza, wakiwamo watoto, kwa kuwa hawezi tena kuwalinda.

5. Hofu na matumaini

Je, mgeuko huu ni tabia ya mtunzi mmoja, au una mizizi katika mafundisho ya dini yenyewe? Wanazuoni wa Kiislamu wamefundisha kwa karne nyingi juu ya hofu na matumaini kama mabawa mawili ya mja. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba kwa mtu mwenye afya hofu ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu inamsukuma katika amali na kumzuia na maasi. Mauti yakikaribia, matumaini ndiyo bora, kwani wakati wa kusukumwa umekwisha, na mja anatakiwa akutane na Mola wake akimdhania mema. Hatuna haja ya kudai kwamba Mwana Kupona alikisoma kitabu chochote cha Al-Ghazali. Inatosha kuona kwamba mpango wa utendi unaafikiana na mafundisho hayo.

Ulinganisho na Al-Inkishafi unatusaidia hapa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi huo mwanzoni mwa karne ya 19, katika visiwa hivyo hivyo, akitazama magofu ya Pate. Anausemesha moyo wake, anaukaripia kwa kuipenda dunia, anauonyesha majumba ya matajiri yaliyobaki makao ya popo na ndege, na anamalizia kwa kuzitaja jahanamu. Wengi huusoma kama sauti ya mzee. Sisi tunaona kinyume chake: moyo unaokaripiwa humo ni moyo ambao bado una afya na bado umelala, ndiyo maana dawa yake ni hofu. Mwana Kupona hana haja ya kuutisha moyo wake. Maradhi yamekwisha kuuamsha, na anachohitaji ni matumaini. Kwa hiyo tusiseme kwamba mtunzi mmoja ni mkali na mwingine ni mpole. Kila mmoja anausemesha moyo ulio katika hatua nyingine ya safari.

6. Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kusema kwamba dua ni desturi ya tendi zote, na kwa hiyo haina maana ya pekee. Ni kweli kwamba tendi huanza kwa kumsifu Mungu na mara nyingi hufungwa kwa kumwomba. Lakini desturi hutimizwa kwa beti chache. Hapa dua inachukua sehemu kubwa ya utungo wenye beti mia moja na kidogo, na inataja maradhi na jamaa za mtunzi mwenyewe. Hiyo si fomula ya kufungia mlango.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Je, kwa kuisifu dua, hatujaribu kuyasamehe mawaidha? Hapana. Ukosefu wa usawa uliomo katika mawaidha ungali pale pale, na mwalimu asiuufiche darasani. Tena kuna lawama inayomhusu mtunzi: yeye mwenyewe amefika mahali ambapo mume hasimami kati yake na Mungu, lakini hamwambii bintiye waziwazi kwamba mahali hapo papo. Anamwachia asikie tu. Wengine wataona huo ni upungufu. Lakini pengine uchaji wa aina ya pili hauamriki. Mama anaweza kumwamuru mtoto asali. Hawezi kumwamuru atumaini kama anavyotumaini mtu aliyekwisha kupoteza nguvu zake. Anaweza tu kumwacha asikilize.

7. Hitimisho

Mwana Hashima aliishi miaka mingi baada ya mama yake, na Alice Werner alimkuta Lamu mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa mtu mzima sana. Utendi aliopewa akiwa msichana alizeeka nao. Hatuwezi kuingia moyoni mwake, lakini tunaweza kusema kwamba utungo wenyewe uliandaliwa kwa maisha ya namna hiyo: una sehemu ya kumtumikia msomaji angali binti, na sehemu itakayomngoja mpaka atakapoihitaji.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu. Wanafunzi wetu wa Lubumbashi, Kisangani au Bukavu wanaukuta utendi huu wakiwa na umri wa miaka ishirini hivi, katika Kiamu ambacho ni kigumu kwao, na wengi wao wamelelewa katika dini nyingine. Ni haki yao kubishana na mawaidha. Lakini tukiikata dua katika nakala tunazowagawia, kwa kudhani ni maneno ya kawaida ya dini, tunawafundisha kwamba uchaji ni amri tu, na kwamba wazee humwomba Mungu kwa sababu ya woga. Utendi wenyewe unasema vingine, na unasema hivyo katika beti tunazoziruka.