Kulwa au Kurwa? Jina la Pacha na Kalamu ya Mwalimu

Katika nchi ya Unyamwezi mzazi wa mapacha hasumbuki kutafuta majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume. Na mtoto atakayezaliwa baada yao huitwa Shija. Wasukuma nao hufanya vivyo hivyo. Majina haya, basi, ni habari ya uzazi: amtajaye Shija ametaja pia wawili waliomtangulia.

Bahati ya majina haya matatu haikuwa sawa. Kulwa na Doto yamejulikana hadi pwani na visiwani, wala hatuoni ajabu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na Wanyamwezi kwa maelfu walibeba mizigo katika njia hiyo miaka mingi kabla ya Reli ya Kati kufika Tabora mwaka 1912. Watu waliolala kambi moja na kuoana hawakosi kuazimana majina. Shija halikuenea kwa kiasi hicho. Ukikutana na Shija mjini Dar es Salaam, aghalabu utaambiwa kwamba kwao ni Tabora, Shinyanga au Mwanza.

Shija halina taabu ya matamshi. Taabu iko kwa Kulwa. Kinyamwezi hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na sikio la mgeni limezoea kuandika r pale mwenyeji anapotamka l. Ndivyo Milambo, mtemi aliyefariki mwaka 1884, alivyoingia vitabuni kuwa Mirambo. Huko pwani Kulwa akawa Kurwa, na Muhammed Saleh Farsy alipoandika hadithi yake ya maisha ya kijiji cha Unguja, iliyotolewa mwaka 1960, aliiita Kurwa na Doto. Kamusi nazo zikaliingiza neno kurwa kwa maana ya pacha wa kwanza.

Hatumlaumu Farsy. Aliandika kama walivyosema watu aliowaeleza, na hadithi ya Unguja isingependeza kwa matamshi ya Urambo. Tunalolikataa ni hoja ya baadhi ya walimu kwamba, kwa kuwa kitabu na kamusi vina r, mwanafunzi ajiandikaye Kulwa amekosea tahajia. Hapa mambo mawili yamechanganywa. Kurwa katika kamusi ni nomino ya kawaida, nayo hufuata Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Kulwa katika daftari la mahudhurio ni mtu, na jina lake alipewa nyumbani kabla hajaijua shule.

Doto naye hakusalimika, maana wengi humwandika Dotto. Kiswahili hakihitaji t mbili hapo, na sisi tungependa moja. Lakini ikiwa cheti cha kuzaliwa kina mbili, mwalimu aziache mbili.

Madhara yake huonekana baadaye. Mtoto aliyeandikishwa Kulwa kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha Kurwa kwenye cheti cha mtihani, hutakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Pacha wake anamngoja nje, naye kwa sababu ya t moja amebeba bahasha ya namna ile ile.