Uga wa Lugha katika Katalogi ya Maktaba ya Kidijitali: Uhakiki wa Rekodi za Matini za Kiswahili

1.0 Utangulizi
Katika rekodi ya katalogi, uga wa lugha huwa na herufi mbili au tatu tu, na aghalabu hujazwa mwishoni. Hata hivyo, ndio unaoamua iwapo mtafiti anayechuja matokeo kwa lugha ataiona kazi husika au la. Makala hii inahakiki ujazaji wa uga huo kwa matini za Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba tatizo si uchache wa misimbo, bali ni kutobainishwa kwa swali ambalo uga unapaswa kulijibu.

2.0 Uga Mmoja, Maswali Mengi
Kiwango cha Dublin Core chenye vipengele 15 kina kipengele kimoja tu cha lugha. Chukua mfano wa Mabepari wa Venisi (1969), tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Mkutubi akiandika "sw" pekee, chimbuko la Kiingereza halionekani katika uga huo. Akiongeza "en", rekodi itasomeka kana kwamba kitabu kina matini ya lugha mbili. MARC 21 imelitatua jambo hili: uga wa 041 hutenganisha lugha ya matini, ya muhtasari na ya matini asilia. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuwa na ikisiri ya Kiingereza inahitaji utenganisho huohuo. Rekodi inapohamishiwa Dublin Core sahili, tofauti hizo hufifia.

Zaidi ya hayo, lugha ya rekodi huchanganywa na lugha ya kazi. Vocabulaire de ville de Elisabethville (1965) ya André Yav ina anwani ya Kifaransa, lakini matini yake ni Kiswahili cha Katanga. Anayejaza uga kwa kutazama anwani pekee ataipoteza kazi hiyo kwa wasomaji wake halisi. Programu nazo huchangia kosa. Fomu ya awali ya DSpace huorodhesha lugha chache, zikiwemo Kiingereza, Kihispania, Kijerumani na Kifaransa, na Kiswahili hakimo. Taasisi isiyoirekebisha orodha hiyo humwachia mwasilishaji kuchagua "nyingine", neno lisilomsaidia mtafutaji yeyote.

3.0 Misimbo na Lahaja
Kiswahili kina "sw" katika ISO 639-1 na "swa" katika ISO 639-2. ISO 639-3 huichukulia "swa" kuwa lugha mwavuli inayokusanya "swh", yaani Kiswahili kwa maana finyu, na "swc", Kiswahili cha Kongo. Yaweza kudaiwa kwamba msimbo finyu ni bora daima. Dai hilo lina mashiko kwa kazi ya Yav, ambayo asili yake inajulikana. Lakini mkutubi asiye na ushahidi wa lahaja akikisia, hutia katika rekodi hukumu ya kiisimu isiyo na msingi. Isitoshe, Kiamu na Kimvita havina misimbo yake katika kiwango hicho. Mahali pake ni katika maelezo ya lugha, uga wa 546 wa MARC.

4.0 Suala la Hati
Msimbo wa lugha hausemi lolote kuhusu maandishi. Muswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu na toleo lake la hati ya Kilatini yote mawili hupewa "swa", ilhali usomaji wake unadai stadi tofauti. Lebo ya "sw-Arab", inayoruhusiwa na BCP 47, huondoa utata huo.

5.0 Hitimisho
Uhakiki huu unaonesha kwamba uga wa lugha ni tamko la kitaaluma, wala si pengo la kujazwa tu. Hazina ya tasnifu inapaswa kuchagua msimbo mmoja wa jumla na kuutumia bila kuyumba, kutenga lugha ya matini na ya ikisiri, kutaja hati inapobidi, na kutumia msimbo finyu pale tu ushahidi upo. Bila hivyo, kazi ya Kiswahili itakuwa imehifadhiwa lakini haipatikani, na idadi ya kazi za Kiswahili itakayotolewa kwa kuhesabu rekodi hizo itakuwa pungufu.