Ukelele wa Kitukuu

Nilisikiliza The Adept, albamu ya hevi metali ya Mkenya Lord Spikeheart (2024), nikiwa Mwigobero, Musoma. Ananguruma, anapiga ukelele, maneno hayashikiki. Nimekulia kwenye litungu, ambako mwimbaji akimsema mkubwa, maneno sharti yafike. Nikauliza: huyu anampinga nani, ikiwa hatusikii anachodai?

Lakini msanii huyu ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepewa cheo cha Field Marshal, na albamu ni ya kumuenzi. Muthoni alitoka msituni na rasta zake, akakaa nazo hadi 2022, karibu miaka 60 baada ya uhuru. Nywele hazisemi, ila kila aliyeziona alijua kuna deni halijalipwa.

Nikairudia albamu kwa sikio hilo. Wageni wanapojazana, hasira inapungua makali. Anapobaki peke yake na ngoma, koo linakwaruza kama linaita mtu ng'ambo ya mto. Bado sijashika maneno. Deni nimelisikia.